Gamba Jeupe Katika Tangi la Maji

Juma hili twende nyuma ya nyumba, kwenye tangi la maji ya mvua. Nyumba nyingi za Rungwe zilizoezekwa bati zina tangi la saruji lililopigwa lipu, na kila mwenye tangi analijua lile gamba jeupe. Mara hukauka ukutani pale ukomo wa maji ulipo, mara huchuruzika kwa nje kama maziwa yaliyomwagika. Wengine huliita magadi, wengine husema ni chumvi ya mvua, na wako wanaomlaumu fundi kwamba alitia saruji mbovu. Hapa penye ofisi ya parokia nimeulizwa habari zake zaidi ya mara moja, na mara nyingi anayeuliza amekwisha kuazimia kwenda kulibandua kwa jembe. Ndugu yangu, weka jembe chini kwanza, tuzungumze.

Gamba hilo ni chokaa. Ukitaka kuhakikisha, vunja kipande kidogo, kiweke juu ya kisahani, ukikamulie limau. Kikitoa vipovu vidogo vidogo, ndiyo chokaa yenyewe. Wala si sumu. Mtu akinywa maji yaliyogusana na gamba hilo hapati dhara. Swali lenye maana ni hili: chokaa hiyo imetoka wapi?

Wengi hudhani imeletwa na maji. Kule Songwe, magharibi ya Mbeya, ndivyo ilivyo. Chemchemi za moto za huko hutoka ardhini zikiwa zimebeba chokaa tele, nazo zikifika juu huitua, na kwa muda wa miaka mingi sana zimejenga miamba mizima. Watu wamechonga mawe yake na kuyauza kwa jina la marumaru. Lakini sisi wa Tukuyu hatuna maji ya namna hiyo. Sisi hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua haina chokaa. Bati halina chokaa. Miamba yetu ni ya volkano, si ya chokaa. Tazama birika lako la chai: ukichemshia maji ya mvua mwaka mzima, ndani hakuna ganda la maana. Mpe ndugu yako aliye Dodoma birika kama hilo, achemshie maji ya kisima ambayo ni magumu, nawe utaona tofauti upesi.

Basi, ikiwa haikuletwa na maji, imetoka ukutani. Gamba unaloliona ni lipu yako mwenyewe inayohama.

Mambo yenyewe ni hivi. Saruji ikikutana na maji hukaza, na katika kukaza huko huzaa chokaa iliyozimwa, ambayo hubaki ndani ya lipu. Chokaa hii huyeyuka: lita moja ya maji yaweza kuchukua zaidi ya gramu moja na nusu. Na maji ya mvua, kwa kuwa hayana kitu ndani yake, yana njaa. Hupenya katika vitundu vya lipu, hujibebea chokaa, na kutoka nayo. Yakifika hewani, chokaa ile hukutana na gesi ya kaboni, ndiyo gesi ileile itokayo ardhini upande wa Kyejo, inayochimbwa na kutiwa katika soda. Hapo chokaa hugeuka kuwa jiwe ambalo haliyeyuki kwa urahisi, na ndilo gamba. Kwa hiyo gamba huota pale maji na hewa vinapokutana: kwenye ukomo wa maji, kwenye ufa, chini ya bomba linalovuja.

Wenye mabwawa ya kuogelea, kama yale ya hoteli za Dar es Salaam, wana taabu hiyohiyo, maana mabwawa mengi nayo hupigwa lipu. Mwaka 1936 mtaalamu mmoja wa Marekani, Wilfred Langelier, alitoa hesabu ya kupima kama maji fulani yatakula chokaa au yataitema. Huhesabu chokaa iliyomo, ukali wa maji na joto lake. Watunza mabwawa wanaitumia hata leo. Sisi wa kijijini hatuhitaji hesabu hiyo. Yatosha kujua kwamba mvua yetu ni ya kula.

Sasa turudi kwenye jembe. Kama gamba liko nje ya tangi, limefuata ufa mwembamba kama unywele, na ukigusa pamekauka, liache kabisa! Gamba hilo ndilo kiraka. Maji yamepita katika ufa, yakaacha chokaa, nayo chokaa imeuziba. Mafundi wa matangi wanalijua jambo hili: ufa mwembamba sana mara nyingi hujiziba wenyewe namna hiyo. Nimeona tangi lililokaa kavu miaka, likaanza kuvuja juma lilelile kuta zake zilipokwanguliwa ili zipendeze kwa ajili ya wageni wa arusi. Wageni walikunywa soda wakaenda zao, tangi likabaki linalia.

Lakini kama gamba ni bichi, linaota kila mwezi, limening'inia kama meno na chini yake pana unyevu, hapo ufa umeshinda uwezo wa kujiziba. Ngoja mvua zipungue, mwezi wa Agosti au Septemba, umalize maji. Fundi atanue ufa kwa patasi kutoka ndani, alowanishe, azibe kwa saruji debe moja na mchanga safi madebe matatu, kisha apige niru juu yake. Pafunikwe kwa magunia mabichi na kumwagiwa maji siku saba bila kuacha hata moja. Lipu iliyoachwa ikauke haraka huwa na vitundu vingi, na vitundu ndivyo mlango wa maji yenye njaa.

Na ukiingiza kidole ukaona lipu ya ndani inatoka unga na mchanga unamomonyoka, usijidanganye kwa viraka. Lipu hiyo imekwisha liwa, au ilikuwa na saruji kidogo tangu mwanzo. Hubanduliwa yote, ikapigwa mpya.

Liko pia gamba la ndani, la kwenye ukomo wa maji, ambalo halina faida wala hasara, ila hukwaruza mikono na kushika uchafu. Ukitaka kulitoa, dawa iko shambani kwako. Wauzaji wa vifaa vya mabwawa huuza jiwe jepesi lenye vitundu, linaloelea majini, la kusugulia chokaa. Sisi tunalikanyaga! Miaka kama 4,000 iliyopita Mlima Rungwe ulilipuka ukatapanya mawe hayo, na mpaka leo ukichimba choo au kukata barabara unakuta tabaka lake. Akina mama husugulia nyayo. Lowanisha jiwe, lowanisha gamba, sugua polepole bila kukaza mkono, ukome mara unapoiona lipu. Halafu suuza, na maji ya kwanza yamwagwe.

Siki na limau ni za birika la chai, si za tangi. Ukali unaoyeyusha gamba huyeyusha na lipu iliyo nyuma yake, maana vyote viwili ni ndugu.

Na hapa, wasomaji, nawasihi. Wako vijana wanaouza maarifa ya kumwaga maji ya betri ndani ya tangi ili gamba litoke. Ni kweli gamba hutoka. Lakini asidi ile ikikutana na chokaa huacha jasi, na jasi ikiota ndani ya lipu huivimbisha na kuipasua. Tena maji ya betri iliyotumika yana risasi, nayo ni sumu iharibuyo ubongo wa watoto, wala haiondoki kwa kuchemsha maji. Tangi lililotiwa maji hayo si la kunywewa tena na familia.

Kuna hatari ya upesi zaidi. Asidi ya namna yoyote ikigusa chokaa hutoa ile gesi ya kaboni kwa wingi, nayo ni nzito kuliko hewa. Hukaa chini ya tangi kama maji yasiyoonekana, haina rangi, na aliye ndani hulegea kabla hajajua kilichompata. Watu wa Goma, kule Kongo, wana jina la mabonde madogo yanapokusanyika gesi hiyo: huyaita mazuku, na mbuzi au mtoto akishuka humo hapandi tena. Tangi lenye mdomo mwembamba ni mazuku ya kujitengenezea. Hata bila asidi, tangi lililofungwa siku nyingi lisiingiwe mara moja. Fungua mfuniko kutwa nzima, peperusha hewa, funga kamba kifuani mwa anayeshuka, na wawili wenye nguvu wabaki juu wakizungumza naye. Akinyamaza, avutwe. Asishuke mtu kumfuata, hata kama ni mwanawe, kwa maana mara nyingi anayefuata kuokoa hufa juu ya aliyeanguka.

Kwa anayejenga sasa, maneno ni machache. Tangi jipya likisha kukaa mabichi majuma mawili au matatu, lijaze, liache siku chache, kisha umwage. Fanya hivyo mara mbili au tatu. Maji hayo ya kwanza huwa makali kwa chokaa, huchoma macho na kuharibu ladha ya chai; yasinywewe na watu wala mifugo. Ukiweza kupata saruji iliyochanganywa na majivu ya volkano, ni bora kwa kazi hii, kwa kuwa majivu yale huishika chokaa isihame. Warumi wa kale walijenga hivyo, kwa majivu ya Pozzuoli, na kuta zao nyingine zingali zimesimama baharini. Usichukue udongo wa shambani ukadhani ni kitu kimoja. Majivu hayo husagwa na kupimwa kiwandani.

Na mwenye tangi la zamani aweza kuyalisha maji. Apatapo mawe meupe ya chokaa kutoka upande wa Songwe, ayavunje kama kokoto, ayasugue na kuyaosha mpaka maji yawe safi, ayatie katika kikapu cha plastiki chenye matundu, na kukining'iniza chini ya mdomo wa mfereji, ili mvua ipite humo kabla ya kuingia tangini. Maji yatakula mawe kwanza. Mawe yakipungua, au yakishika utelezi wa kijani, huoshwa na kuongezwa mengine. Aprili, mvua inapomiminika usiku na mchana, kikapu kitazamwe kila Jumamosi, maana majani ya migomba na vumbi la bati hukiziba upesi, maji yakamwagika nje na tangi likabaki nusu.