Kiingereza cha Kuogopwa: Mwanafunzi wa Makadara na Umilisi wa Lugha ya Pili

Si jambo geni katika mitaa ya Makadara kumsikia mzazi akijivunia kwamba mwanawe "anamwaga Kizungu kama maji". Sifa hiyo hutolewa kwa sauti ya juu na majirani huipokea kwa heshima. Kutoka Makongeni hadi Jericho, kutoka Maringo na Hamza hadi Harambee, Kiingereza huhesabiwa kuwa nauli ya kumvusha kijana kutoka Barabara ya Jogoo hadi katika maisha mengine. Hata hivyo, wapo vijana wengi waliofundishwa kwa Kiingereza tangu chekechea hadi kidato cha nne ambao hawawezi kukizungumza kwa dakika tano mbele ya mgeni bila kutokwa na jasho. Wanakisoma, na wanakiandika kiasi cha kuupita mtihani, lakini hawakisemi.

Makala haya yanashikilia kwamba kimya hicho hakisababishwi na wingi wa Kiswahili au Sheng vinywani mwa vijana hao, kama inavyodaiwa mara kwa mara. Kinasababishwa na kufundishwa Kiingereza kama lugha ya kuogopwa: lugha ambayo mwanafunzi haruhusiwi kukosea anapoitumia, wala haruhusiwi kutumia nyingine badala yake. Aidha, kwa kuwa jambo hili linawagusa walimu wa Kiswahili moja kwa moja, si haki kuziachia idara za Kiingereza peke yake.

Ni vyema kukiri tangu mwanzo kwamba mzazi wa Makadara hana kosa anapokitamani Kiingereza. Mfano ulio karibu naye ni mahakama za Makadara zenyewe. Kifungu cha 198 cha sheria ya Kenya ya mwenendo wa makosa ya jinai kinaruhusu mahakama za chini kutumia Kiingereza au Kiswahili, lakini kinaitaja lugha ya Mahakama Kuu kuwa ni Kiingereza. Kifungu hicho hicho kinataka ushahidi utafsiriwe katika lugha anayoielewa mshtakiwa. Hiyo ni haki kubwa. Lakini mtu anayetegemea mkalimani huisikia kesi yake kupitia kinywa cha mwingine, na rufaa ikipanda huenda ikaamuliwa katika lugha asiyoimudu. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi sambamba na Kiingereza, mbali na kuwa lugha ya taifa. Pamoja na hayo, barua za kuomba kazi, usaili katika maofisi na mihadhara mingi ya vyuo vikuu bado ni ya Kiingereza. Kumwambia kijana wa Viwandani kwamba mwacha asili ni mtumwa, ilhali msemaji mwenyewe aliipata shahada yake kwa Kiingereza, ni kumfungia mwenzako mlango ambao wewe umekwisha kuupita.

Swali basi si kama kijana huyo anakihitaji Kiingereza. Swali ni jinsi anavyoweza kufikia umilisi wake.

Wanaisimu hutofautisha lugha ya pili na lugha ya kigeni. Lugha ya pili mjifunzaji huikuta ikitumika katika jamii anamoishi, ilhali lugha ya kigeni huikutia darasani tu. Kisera, Kiingereza ni lugha ya pili nchini Kenya. Katika Makadara, hata hivyo, mwanafunzi hukiona Kiingereza kila mahali, vitabuni, kwenye mabango na katika runinga, lakini ni nadra ampate mtu wa kuzungumza naye. Sokoni ni Kiswahili, kwenye matatu ni Sheng, na nyumbani ni Kiswahili kilichochanganyika na Kikamba, Kijaluo, Kikuyu au Kiluhya. Kiingereza kwake ni lugha ya pili kwa mujibu wa sera na lugha ya kigeni kwa mujibu wa maisha. Mohamed Abdulaziz na Ken Osinde, katika utafiti wao uliochapishwa 1997, waliihusisha Sheng na mitaa ya mashariki ya Nairobi, na wakaihusisha Engsh, ambayo msingi wake ni Kiingereza, na vijana wa mitaa ya kitajiri ya magharibi. Kwa maneno mengine, kijana wa Westlands hukinoa Kiingereza chake hata anapocheza, ilhali mwenzake wa Makadara hukifungia mkobani pamoja na vitabu kengele ya jioni inapolia.

Sera za elimu hazikulipa pengo hilo uzito uliostahili. Mwaka 1957 ulianzishwa Nairobi mpango wa kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, kwanza katika shule za watoto wenye asili ya Kiasia. Tume ya Ominde ya 1964 iliunga mkono mwelekeo huo. Tume ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza kwamba madarasa ya chini yatumie lugha inayotawala katika eneo la shule, na Kiswahili kiwe somo la lazima. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza 1985, Kiswahili kikawa somo la kutahiniwa. Kwa mantiki ya Gachathi, lugha ya eneo la Makadara haiwezi kuwa nyingine ila Kiswahili. Lakini shule nyingi za mjini, hususan za binafsi, ziliendelea kumpokea mtoto kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza, kana kwamba ameletwa shuleni bila lugha yoyote.

Pale ambapo maisha ya mtaani hayakutoa nafasi ya kukisema Kiingereza, shule zilitumia nguvu. Hapo ndipo ilipotokea "diski", kipande cha mbao au kadi anachovishwa au kukabidhiwa mwanafunzi aliyesikika akizungumza lugha iliyokatazwa, naye akawa na kazi ya kumnasa mwenziwe ili amkabidhi. Desturi hiyo ni ya kikoloni. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki 2025, aliieleza katika *Decolonising the Mind* (1986), akikumbuka jinsi watoto wa Limuru walivyoadhibiwa na kuaibishwa kwa kuzungumza Kikuyu shuleni. Ukoloni ulikwisha, ila diski ilibaki katika shule nyingi za Kenya huru.

Tuseme diski ilikusudiwa kumfanya mtoto azungumze Kiingereza. Matokeo yake ni yapi? Mtoto mwerevu hutambua upesi kwamba anayezungumza Kiswahili hupewa diski, anayezungumza Kiingereza kibovu huchekwa kwamba "anashrabu", na anayenyamaza hapatwi na lolote. Kwa hiyo huchagua kunyamaza. Shule inayotumia diski hufundisha kimya kwa miaka mingi, kisha hushangaa mhitimu wake anapokosa ulimi mbele ya meza ya usaili.

Mtihani nao huizidisha hali hiyo. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza katika KCSE hutenga alama 30 kati ya 60 kwa stadi za mazungumzo, lakini maswali yake hujibiwa kwa kalamu. Mtahiniwa huandika jinsi ambavyo angepaza sauti, jinsi ambavyo angetumia ishara na neno lipi angelitilia mkazo. Anaweza kuzipata alama hizo zote bila kufungua kinywa. Mwalimu aliyebanwa na silabasi na darasa lenye msongamano hawezi kulaumiwa sana akikifundisha kile kinachotahiniwa.

Kuna dhana nyingine inayostahili kusahihishwa, nayo ni kwamba umilisi ni lafudhi. Jijini Nairobi, anayezungumza "kwa mapua" husifiwa hata kama hana la kusema, na anayezungumza kwa lafudhi ya Eastlands hudharauliwa hata akitoa hoja nzito. Joseph Conrad, Mpolandi aliyeanza kujifunza Kiingereza akiwa na umri wa miaka ishirini na kitu, aliandika riwaya zinazohesabiwa miongoni mwa bora za lugha hiyo, na bado alikizungumza kwa lafudhi nzito ya Kipolandi hadi kufa kwake. Umilisi ni uwezo wa kuwaza, kubishana, kueleza na kushawishi katika lugha. Lafudhi ni anwani tu ya mahali mtu alikotoka, na Makadara si anwani ya kuonewa haya.

Afrika Mashariki ina mifano ya kutosha ya njia iliyo bora zaidi. Julius Nyerere alizaliwa katika Kizanaki na akaanza shule akiwa na umri wa miaka 12. Alijifunza Kiswahili, kisha Kiingereza, akafika Makerere na hatimaye Chuo Kikuu cha Edinburgh alikohitimu 1952. Aliimudu lugha ya Shakespeare kiasi cha kuzifasiri tamthilia zake mbili kwa Kiswahili, na *Mabepari wa Venisi* ikachapishwa 1969. Abdulrazak Gurnah alikulia Zanzibar katika Kiswahili, akahamia Uingereza akiwa kijana mwishoni mwa miaka ya 1960, na 2021 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya fasihi kwa kazi alizoziandika kwa Kiingereza. Si Nyerere wala Gurnah aliyelazimika kuitoa lugha moja kinywani ili kuiingiza nyingine.

Tafiti zinaafikiana na mifano hiyo. Jim Cummins alidai 1979 kwamba ujuzi wa kitaaluma katika lugha ya pili hujengwa juu ya ule uliokwisha kupatikana katika lugha ya kwanza. Huko Nigeria, mradi wa Ife ulioanza 1970 chini ya Babs Fafunwa uliwafundisha watoto kwa Kiyoruba miaka yote sita ya shule ya msingi, huku Kiingereza kikifundishwa vizuri kama somo. Watoto hao hawakuachwa nyuma katika Kiingereza na wenzao waliofundishwa kwa lugha hiyo. Anayeweza kupanga hoja katika lugha yake huhitaji maneno mapya tu. Asiyeweza kuipanga katika lugha yoyote huhitaji kila kitu kwa mpigo.

Huenda msomaji akapinga kwamba Nyerere na Gurnah walikuwa na Kiswahili fasaha, ilhali kijana wa Makadara ana Sheng, nayo si msingi wa kujengea. Pingamizi hili ni la haki, na ndilo linalowahusu wasomaji wa jarida hili. Mosi, sarufi ya Sheng kwa kiasi kikubwa ni ya Kiswahili. Anayesema "nilimcheki" amekiweka kiambishi cha nafsi, cha wakati na cha mtendwa mahali pake bila kufundishwa. Pili, kijana huyo hubadilisha lugha anapozungumza na nyanya yake, na makanga na mwalimu, wala hakosei nani ni nani. Huo ni ustadi. Anachokosa ni kiwango kile cha lugha kinachotumika kueleza, kulinganisha na kutetea hoja. Na hicho ndicho kipindi cha Kiswahili kiliwekewa ratibani.

Lakini je, ndicho anachokipata? Ni lazima isemwe waziwazi kwamba katika madarasa mengi ya Kiswahili mna diski isiyoonekana. Mwanafunzi hufungua kinywa, neno la Sheng likamponyoka, mwalimu akamkejeli kuwa ni "chokora wa lugha", na darasa likaangua kicheko. Mwanafunzi huyo hunyamazishwa mara mbili kwa siku: katika kipindi cha Kiingereza kwa kuwa ana Kiswahili, na katika kipindi cha Kiswahili kwa kuwa ni wa Eastlands. Hajaachiwa lugha ya kufanyia mazoezi ya kuwaza kwa sauti. Wanaoilalamikia diski ya Kiingereza huku wakishikilia diski dhidi ya Sheng hawana tofauti na wale wanaowalaumu.

Yapo mambo yanayoweza kufanywa bila kusubiri tume nyingine. Kwanza, diski za kila namna ziondolewe, na makosa yasahihishwe baada ya mzungumzaji kumaliza hoja yake, si katikati ya sentensi. Pili, midahalo ya shule ifanywe kwa zamu, mada ile ile ijadiliwe kwa Kiswahili wiki hii na kwa Kiingereza wiki ijayo, ili hoja zilizokwisha kupikwa zitafutiwe chungu kipya. Tatu, tafsiri irejeshwe darasani kama zoezi la kawaida: habari ya gazeti ya Kiswahili iende Kiingereza, na ya Kiingereza ije Kiswahili. Nne, maktaba za umma za Kaloleni na Makadara zitumiwe kwa zaidi ya kusomea mitihani kimyakimya. Zinaweza kuwa mahali pa mtoto kusimulia kitabu alichokisoma, kwa lugha aliyokisomea na kwa lugha anayoishi nayo. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vyuoni vina watu na vina Jumamosi, na Barabara ya Jogoo haiko mbali.

Gharama yake ipo. Darasa lisilo na diski litakuwa na kelele, na Kiingereza kitakachosikika humo kwa muda kitakuwa kibovu. Mzazi aliyelipa karo atalalamika, na mwalimu mkuu atatakiwa kuwa na moyo mgumu. Wahenga walinena kwamba kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Kwa mjifunzaji wa lugha methali hiyo haina budi kulegezwa, kwani hurudia kosa lile lile mara nyingi kabla ulimi haujakubali. Anayestahili kuonywa kwayo ni shule, ambayo imelirudia kosa la diski tangu enzi za ukoloni, na kila mara ikamtwika mtoto lawama.