Riwaya Zetu Ni Nyingi, Msomaji Yuko Wapi?

Mtu akitaka kujua hali ya riwaya ya Kiswahili katika Kenya ya leo, asianzie chuo kikuu. Na aende kwanza kwa wauzaji wa vitabu vikuukuu jijini Nairobi, wale ambao hutandaza mali yao chini kando ya njia. Asimame hapo kwa muda, atazame kinachonunuliwa na kinachorukwa.

Ataona jambo la kusikitisha. Riwaya ambayo miaka michache iliyopita ilikuwa ikitafutwa na kila mzazi mwezi wa Januari, sasa imelala juani bila ya mtu kuiuliza bei. Haikuchanika, wala hadithi yake haikuchacha. Kosa lake ni moja tu: haitahiniwi tena. Na pembeni mwa riwaya inayotahiniwa sasa ataona kijitabu chembamba kiitwacho mwongozo, ambacho humweleza mwanafunzi nani alimtenda nani, na katika sura ya ngapi. Wako wanafunzi wanaonunua mwongozo wakaiacha riwaya yenyewe. Hao ni kama mgeni aliyealikwa karamuni, naye asile pilau, akaomba asimuliwe ladha yake.

Jambo hili si la kuchekea. Katika miaka hii mfumo wetu wa elimu unabadilika, na riwaya ambayo kwa miaka mingi imeegemea ukuta wa shule huenda ikajikuta haina pa kuegemea. Swali ni hili: mtihani ukiondoka, nani atabaki akisoma?

Neema yenye kamba

Yafaa tuwe wa haki. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa. Hiyo ilikuwa neema kubwa. Wachapishaji waliokuwa wakisitasita waliona soko. Vijana ambao nyumbani kwao hakukuwa na kitabu hata kimoja walipata kuisoma Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotolewa mwaka 1980, na Siku Njema ya marehemu Ken Walibora, iliyotolewa mwaka 1996. Baadaye zikaja Kidagaa Kimemwozea ya Walibora huyo huyo, kisha Chozi la Heri ya Bi Assumpta Matei na Nguu za Jadi ya Bi Clara Momanyi. Wako Wakenya watu wazima ambao hata leo ukiwatajia Kongowea Mswahili, yule kijana wa Siku Njema, nyuso zao huchangamka.

Lakini neema hiyo ilikuja na kamba shingoni. Mchapishaji aliyeletewa mswada alianza kuuliza swali moja kabla ya mengine yote: Je, kitapita shuleni? Mwandishi naye, ambaye lazima ale na kulipa kodi ya nyumba, alijifunza kuandika huku jicho moja likiitazama kamati. Kile ambacho mwalimu mkuu angekikunjia uso alikifuta yeye mwenyewe mapema, na mawaidha yakaongezwa kama chumvi iliyozidi.

Msomaji pia alifungwa kamba hiyo hiyo. Alifundishwa kusoma kwa namna moja tu: kalamu mkononi, akiwinda maudhui, tamathali za usemi na sifa za wahusika. Ujuzi huo una kazi yake na haufai kudharauliwa. Lakini mtu aliyefundishwa huo peke yake, siku anapotoka katika chumba cha mtihani, hufunga kitabu na huenda asifungue kingine mpaka mtoto wake aingie sekondari.

Kila hadithi na utamu wake

Ukweli ni kwamba riwaya za Kiswahili si za aina moja, wala hazitaki kusomwa kwa namna moja. Anayeisoma hadithi ya upelelezi kama anavyosoma hadithi ya kale atachoka upesi, kisha ataulaumu mkono wa mwandishi bure.

Tuchukue upelelezi. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alishinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957 na 1958 kwa hadithi ya Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960. Humo alimleta Bwana Msa, mtu wa kiko na wa maneno machache, ambaye huona kile ambacho wengine wamekitazama wasikione. Utamu wa vitabu vya namna hii ni mashindano baina ya msomaji na mpelelezi. Dalili zote huwekwa wazi, na aliye makini huweza kumtambua mwuaji kabla ya kutajwa. Hapa usitafute mafunzo kwanza. Tafuta nani alikuwa wapi, na kwa nini anadanganya.

Baada ya Bwana Msa alikuja mtu wa mwendo mwingine. Elvis Musiba wa Tanzania alitoa Kufa na Kupona mwaka 1974, na mpelelezi wake, Willy Gamba, akaletwa mpaka mitaa ya Nairobi akifuatia siri za harakati za ukombozi wa kusini mwa Afrika. Kisha Ben Mtobwa akampa msomaji Joram Kiango. Vitabu hivi husomwa mbio, mtu akaukosa usingizi.

Hapa pana jambo ambalo lapasa kutufikirisha sisi Wakenya. John Kiriamiti alipotoa My Life in Crime mwaka 1984, kitabu hicho kilipita mkono kwa mkono, na hata leo kingali kinatafutwa. Kumbe Mkenya hupenda sana hadithi za polisi na majambazi! Lakini hiyo aliletewa kwa Kiingereza, na alipoitaka kwa Kiswahili mara nyingi aliipata kwa waandishi wa Tanzania. Wachapishaji wetu, macho yao yakiwa shuleni, walimwachia jirani sehemu kubwa ya uwanja.

Tuje kwenye riwaya za historia. Adam Shafi aliandika Kuli mwaka 1979 juu ya wapagazi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948, na mwaka 1999 akatoa Vuta N'kuvute, kisa cha Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mzee asiyempenda, akaja kumpenda Denge, kijana anayepigana na utawala wa Waingereza. Riwaya kama hii haitaki haraka. Raha yake ni kutembea katika vichochoro, kusikia watu wanavyosalimiana, kuona nani ameketi kitini na nani amesimama mlangoni. Mwaka 2021 Amil Shivji aliitengenezea filamu, ikaonyeshwa katika tamasha la filamu la Toronto, Kanada. Hadithi ya Ng'ambo ikafika ng'ambo ya kweli, na haikuwa kwa sababu ya mtihani.

Ziko pia riwaya za maajabu, na hapa Kenya ina haki ya kujivuna. Marehemu Katama Mkangi, mwalimu wa chuo kikuu ambaye katika miaka ya 1980 aliwekwa kizuizini bila ya kushtakiwa, alitoa Walenisi mwaka 1995. Mtu wake, Dzombo, anahukumiwa kurushwa angani ili akafie huko. Badala ya kufa, anafika katika sayari ambayo watu wake wanaishi kwa haki na usawa. Jina la sayari hiyo lisome polepole: wale ni sisi. Said Ahmed Mohamed naye, katika Babu Alipofufuka ya mwaka 2001, amemtoa babu kaburini aje kumwandama mjukuu aliyeshiba na kusahau. Kyallo Wamitila ametoa Bina-Adamu! mwaka 2002, safari ya ndoto inayozunguka dunia nzima. Msomaji anayeuliza kila mara, "Hili lawezekanaje?" atakosa raha ya vitabu hivi. Na akubali kwanza, kama alivyokubali alipokuwa mtoto akisimuliwa hadithi za sungura, kisha mwishoni ajiulize alikuwa akionyeshwa nani.

Mwisho tutaje riwaya za mapenzi na mambo ya nyumbani, ambazo wengi huzisoma huku wamezificha. Rosa Mistika ya marehemu Euphrase Kezilahabi, iliyotolewa mwaka 1971, ni kisa cha binti aliyelelewa kwa ukali wa baba, akapotea alipoachiwa uhuru asioufahamu. Kwa muda ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania, kisha baadaye ikaingizwa darasani. Leo Bi Zainab Alwi Baharoon wa Zanzibar ameutazama tena mlango wa nyumba katika Mungu Hakopeshwa, riwaya iliyopata tuzo mwaka 2018. Vitabu hivi huishi katika mazungumzo. Sikiliza mume anavyosema na mkewe, na pale mke anaponyamaza, sikiliza zaidi.

Pendwa na dhati

Baadhi ya wahakiki wetu wamezigawa riwaya mafungu mawili: riwaya pendwa, za kupitisha wakati, na riwaya dhati, za kufikirisha. Mgawanyo huo unaweza kumsaidia mwalimu kupanga somo lake. Ubaya wake ni pale unapogeuka kuwa dharau, mtu akaona haya kukutwa na Willy Gamba mkononi.

Hebu tuutazame kwa vitabu vyenyewe. Walenisi ni safari ya angani, jambo ambalo mtoto wa miaka kumi na miwili hulifurahia. Juu ya mifupa hiyo Mkangi ameweka nyama nzito ya siasa. Kufa na Kupona ni mbio na bastola, lakini chini yake mna hofu ya kweli ya miaka ile, wakati kusini mwa bara letu kulikuwa bado mikononi mwa Wareno na makaburu. Hakuna aliyeanza kusoma kwa Nagona ya Kezilahabi, kitabu ambacho hata wasomi hukikuna kichwa. Mtu hufika huko kwa ngazi, na vidato vya chini vya ngazi hiyo ni hadithi alizozisoma usiku kwa siri. Ukivikata vidato hivyo, usishangae kwamba juu hakuna mtu.

Wako wazee watakaosema kwamba hadithi za ujambazi na mapenzi huharibu vijana. Hofu yao haikosi msingi, maana viko vitabu vibaya katika kila fungu. Lakini kijana huyo huyo ana simu mfukoni, na humo anaona mambo makubwa kuliko yaliyomo katika kitabu chochote cha Mtobwa. Tofauti ni kwamba kitabu humtaka akae, afikiri, afuate sababu mpaka matokeo.

Mtihani ukiondoka

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10 katika sekondari pevu, na mtihani wa mwisho wa KCSE chini ya 8-4-4 umepangiwa mwaka 2027. Katika mpango huo mpya Kiswahili kingali somo, lakini Fasihi ya Kiswahili imewekwa kuwa somo la kuchagua. Maana yake ni kwamba msomaji wa lazima, ambaye riwaya yetu imemtegemea kwa miaka arobaini, hatakuwa tena na uhakika.

Wengine wataliona hilo kuwa msiba. Mimi naliona kuwa nafasi, endapo tutajiandaa. Dalili njema zipo. Tangu mwaka 2014 kumekuwako tuzo ya Mabati-Cornell, ambayo baadaye iliitwa Safal-Cornell, iliyoanzishwa kwa fedha za kiwanda cha mabati cha hapa kwetu Kenya. Miongoni mwa riwaya ilizozitambua ni Kolonia Santita ya Enock Maregesi, juu ya vita dhidi ya magenge ya madawa ya kulevya. Hicho ni kitabu cha taharuki tupu, wala waamuzi hawakukidharau. Naye Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 2021, mwaka uliofuata alisomwa kwa lugha ya nyumbani kwake pale Ida Hadjivayanis alipoitafsiri riwaya yake kwa jina la Peponi.

Kikwazo kikubwa ni bei. Sheria ya mwaka 2013 iliweka ushuru wa VAT wa asilimia 16 juu ya vitabu, na mzazi mwenye watoto watatu hawezi kulaumiwa akinunua unga kwanza. Lakini watu kumi wakinunua kitabu kimoja kimoja, kisha wakabadilishana, kila mmoja atakuwa amesoma kumi kwa bei ya kimoja. Mwalimu naye anaweza kutenga kipindi kimoja kwa juma ambacho darasa litasoma tu, bila ya swali wala alama. Na mchapishaji wa Kenya athubutu angalau mara moja kwa mwaka kutoa riwaya ambayo hakuipeleka kwa kamati yoyote.

Mimi na wewe, msomaji, kazi yetu ni nyepesi. Utakapopita tena kwa muuzaji wa kando ya njia, inama. Chukua ile iliyolala juani, ambayo hakuna mtihani unaoitaka. Ukifika nyumbani iweke kalamu mbali, usome mpaka taa izimwe. Kesho yake mpe jirani, usimweleze mwisho wake.