Neema na Njaa: Juu ya Usomaji wa Paulo Pwani

Wapo wahakiki wanaoshikilia kwamba neno “neema”, kwa asili yake ya Kiarabu, ni vazi la kuazima katika Biblia ya Kiswahili, na kwamba ndilo lililolitia ukungu fundisho la Paulo. Hoja hii ni dhaifu. Tangu Krapf aanze kutafsiri Mwanzo huko Mombasa mwaka 1844, kabla ya kuhamia Rabai, wafasiri walikuwa wakichota katika lugha hai. Kwa Mswahili, neema ni mvua, mavuno, chakula tele. Haikuwa ujira kamwe. Waefeso 2 yadai nini zaidi?

Kosa limo katika usomaji. Shakahola, Malindi, mwaka 2023, zilifukuliwa maiti zaidi ya 400. Wengi wao, yadaiwa, walifundishwa kufunga hadi kufa ili wamfikie Yesu. Fundisho la aina hiyo huifanya njaa, kinyume hasa cha neema, kuwa sarafu ya kuinunulia. (Na bado wahakiki husema matini hii ni ya wanateolojia!) Hata Warumi 9, sura ya enzi ya Mungu isiyohojiwa, yamweka Yakobo kuwa mteule kabla hajazaliwa, kabla hajatenda jema wala baya. Tumbo tupu lingemwongezea nini?