SINEMA: Picha ya Maji, Reli na Kungoja

Wako watu wasemao kwamba picha ya sinema ikipita saa mbili humchosha mtazamaji, na kwamba picha ya watu wa bunduki haifai kitu isipokuwa farasi wakimbie na risasi zilie tangu mwanzo hadi mwisho. Watu hao wakiketi mbele ya "Once Upon a Time in the West", iliyotengenezwa na Mwitaliani Sergio Leone mwaka 1968, huenda wakaondoka kabla haijafika nusu. Picha hiyo ni ya dakika 165, na mambo yake huenda polepole. Lakini mstahimilivu hula mbivu, na katika picha hii mbivu zimo.

Mwanzo wake wenyewe ni kungoja. Watu watatu wenye bunduki wafika katika stesheni ndogo ya jangwani, wamfungia karani wa stesheni ndani, kisha wakaa kulingoja gari la moshi. Kwa muda wa dakika kama kumi halitendeki jambo kubwa. Kinu cha upepo chalia kwa kukosa mafuta. Matone ya maji yaanguka juu ya kofia ya mmoja wao. Nzi amsumbua mwingine usoni, hata akamnasa katika mtutu wa bastola. Katika mambo madogo kama hayo mtazamaji hutambua kwamba kifo ki karibu, ila hajui kitamfikia nani. Gari lafika na kuondoka, na ng'ambo ya reli kasimama mtu mmoja apigaye kinanda cha mdomo. Mtu huyo, achezwaye na Charles Bronson, hana jina ila Harmonica. Kwa nini amekuja kumtafuta mwuaji aitwaye Frank? Jibu lake lafichwa karibu mpaka mwisho, wala si haki kulitoa hapa.

Kiini cha ugomvi ni shamba. Bwana McBain, mjane mwenye watoto watatu, alinunua ardhi kavu iitwayo Sweetwater, na majirani wakamwona mjinga. Siku ya kumpokea mke wake mpya, meza za karamu zimekwisha tandikwa nje, mara nyenje wote wanyamaza. Ukimya huo watisha kuliko mlio wa bunduki. Kisha Frank na watu wake wawaua baba na watoto wote. Bibi Jill, achezwaye na Claudia Cardinale, ashuka katika gari la moshi akitokea New Orleans, wala hapana mtu wa kumpokea.

Marehemu hakuwa mjinga. Magari ya zamani yalikwenda kwa mvuke, na mvuke hautoki pasipo maji. Reli ilikuwa ikija kuelekea magharibi, na maji ya nchi ile yote yalikuwa Sweetwater. McBain alikuwa na hati ya kumruhusu kujenga stesheni, kwa sharti moja: iwe tayari kabla reli haijafika, ama haki hiyo ipotee. Basi kila siku ipitayo ina thamani yake, na hiyo ndiyo sababu picha hii ndefu haimpi mtazamaji usingizi. Mwenye kampuni ya reli, Bwana Morton, mgonjwa atembeaye kwa magongo na atamaniye kuiona Bahari ya Pasifiki, alimwagiza Frank awatishe tu watu wale. Lakini mwenye kumkodi mwuaji hawezi kumpimia kazi yake. Shamba lanadiwa, na wanunuzi wazibwa vinywa kwa vitisho, ili liuzwe kwa bei ya bure, mpaka Harmonica atoapo dola 5,000.

Sifa nyingine ni za Henry Fonda, aliyezoeleka kwa kucheza watu wema. Hapa yeye ndiye Frank, na upole wa uso wake wauzidisha ubaya wa matendo yake. Muziki wa Ennio Morricone ulitungwa kabla picha hazijapigwa, ukachezwa huku wachezaji wakiwa kazini. Ndiyo maana hatua zao zaonekana kuufuata.

Lawama pia ziko. Katikati hadithi hujikunja hata mtu akapotea njia. Bibi Jill hutazamwa mara nyingi kwa uzuri wake kuliko kwa akili zake. Na wenyeji wa asili wa Marekani, ambao reli zilipita katika ardhi zao, karibu hawaonekani kabisa. Picha inayouliza ardhi ni ya nani haikupaswa kuwasahau.

Ilipofika Marekani mwaka 1969, dakika kama 20 zilikatwa ili iende upesi, na bado haikupata watazamaji wengi huko, ilhali Ufaransa ilipendwa mno. Mwaka 2009 Marekani iliitia katika orodha ya picha zake za kuhifadhiwa milele. Kukata kwao hakukuwasaidia, kwa maana walipunguza kungoja, na kungoja ndiko kulikokuwa mali yake. Mtu atakayeitazama na achague ile ndefu, akumbuke kuyaangalia maji tangu tone la kwanza juu ya kofia. Wenye bunduki hupita mmoja mmoja, bali kisima cha Sweetwater chabaki na kazi ya kufanya.