Kiarabu Kipimwe, Miaka Isihesabiwe: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Elimu ya Juu

Mahagi, Jimbo la Ituri
Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu ya Juu na Vyuo Vikuu, Kinshasa

Kiarabu huingia Mahagi kwa njia mbili. Ya kwanza ni madrasa. Mtoto huanza na herufi, hufika juzuu ya Amma, na akidumu hukutana na Ajurrumiyya, kitabu kidogo cha nahau kilichotungwa na Ibn Ajurrum wa Fez, aliyefariki mwaka 1323. Njia ya pili ni soko. Anayefanya biashara kati ya Ariwara, Arua na Juba husikia Kiarabu cha Juba, na kwa Wanubi wa Uganda husikia Kinubi. Njia hii ni kongwe kuliko mpaka wenyewe. Vituo vya Tunguru na Mswa vya Emin Pasha, gavana wa Ekwatoria, vilikuwa kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Albert, na mwaka 1891 Mwingereza Lugard aliwakuta askari wake waliobaki chini ya Selim Bey huko Kavalli, upande huuhuu wa ziwa, akavuka nao kwenda Uganda. Lugha yao ndiyo Kinubi cha leo.

Vijana wa njia hizi mbili wakifika kujiandikisha chuoni, kila mmoja husema anakijua Kiarabu, na hakuna anayedanganya. Wa madrasa husoma bila kukwama maandishi yenye harakati, yaani alama za irabu, na matamshi yake ni safi: hawezi kuchanganya qalb, moyo, na kalb, mbwa. Mpe gazeti lisilo na harakati, ataanza kusitasita, kwa kuwa sasa irabu hazimo kwenye karatasi bali katika nahau na msamiati wa msomaji. Ataonyesha mtenda na mtendwa wa sentensi, lakini kuuliza basi linaondoka saa ngapi kutamshinda. Wa sokoni ni kinyume chake. Huuza, hupatana bei na kutania kwa Kiarabu, ila husema "ana gi ruwa" pale ambapo darasa la fusha, yaani Kiarabu sanifu, linadai "adhhabu", na pengine alif hajawahi kuiandika.

Wote wawili wana mtaji mwingine unaosahauliwa, nao ni Kiswahili. Kitabu, wakati, dunia, lakini, hata neno mtihani, yote yana asili ya Kiarabu. Mtaji huu huharakisha kujifunza, na papo hapo huharibu kipimo. Mtihani wa kuchagua jibu sahihi kati ya manne humpa Mswahili alama za msamiati ambazo hakuzisomea. Tena baadhi ya maneno hayo yamebadili kazi. Mwarabu husema "tafaddal" anapomkaribisha mtu au kumpa kitu. Mswahili husema "tafadhali" anapoomba. "Rakhis" kwa Mwarabu ni cha bei ndogo, wala si chepesi kama "rahisi" ya Kiswahili, kwa hiyo mwanafunzi anayeuita mtihani wake "rakhis" ameutukana bila kujua.

Vyeti vyetu havisaidii sana. Ng'ambo ya mpaka wa Goli, baraza la mitihani la Uganda hutahini Kiarabu katika sekondari, kama wafanyavyo Kenya na Tanzania, na chuo hupata alama ya kuanzia. Diploma ya Serikali ya Kongo, ile inayopatikana kwa mtihani wa taifa wa Exetat, huandika asilimia ya jumla tu. Haisemi lolote kuhusu Kiarabu. Cheti cha madrasa nacho hutaja miaka, na miaka mitano ya madrasa moja si miaka mitano ya nyingine. Kwa hiyo mwanafunzi wa Mahagi anayeomba nafasi Mbale, kwenye Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichofunguliwa mwaka 1988, au popote pengine, hana karatasi ya kumtetea.

Akiwekwa juu mno, hushindwa mapema na kila mtu huona. Akiwekwa chini mno, hulipa minervali, yaani ada ya masomo, ili afundishwe alif, be, te alizozijua akiwa na miaka saba. Kosa hili la pili ni baya zaidi, kwa sababu halilalamikiwi: mwanafunzi hufurahia alama za bure, mwalimu hufurahia darasa lililochangamka, na anayeanza kweli kando yake hujiona mjinga.

Kipimo cha haki kina sehemu nne fupi: kusoma kwa sauti nusu ukurasa usio na harakati na kueleza maana yake, imla, ambayo hufichua haraka nani anajua kuandika hamza na irabu ndefu, mazungumzo ya dakika kumi, na insha ya aya moja. Alama hizo zisitafutiwe wastani. Aliyepata 16 kati ya 20 katika kusoma na 4 katika kuzungumza ana wastani wa 10, sawasawa na aliyepata 4 na 16, na darasa litakalowaweka pamoja kwa kumi hiyo halitamfaa hata mmoja. Wa kwanza akae na wakubwa katika kusoma, na wanaoanza katika mazungumzo. Mfumo wa LMD (Licence-Master-Doctorat) unaruhusu hilo, kwa kuwa mwaka wake wa krediti 60 umegawanywa katika masomo yanayojitegemea. Pale walimu ni wachache mno kwa mpango huo, kuandika ndiko kuamue daraja, maana ndiko kunakobeba masomo mengine yote, na mwanafunzi apewe wiki mbili za kwanza kupanda au kushuka bila adhabu.

Mheshimiwa Waziri anaombwa mambo mawili. Kwanza, agizo kwa vyuo vyote vya Jamhuri vinavyofundisha au vitakavyofundisha Kiarabu, kwamba daraja lisitolewe kwa kuhesabu miaka. Pili, jopo la watahini likae Bunia mara moja kwa mwaka, kwa sababu kijana wa Mahagi hawezi kwenda Kinshasa kusomeshwa nusu ukurasa. Karatasi ya matokeo iwe na alama nne na muhuri mmoja, iandikwe kwa Kifaransa na Kiarabu, na itolewe kabla vyuo havijafunga milango ya usajili.