Picha ya Bibi Harusi Imekwenda Kukaa Wapi?



Mwezi uliopita tulivuka bahari hadi Kifaru, chini ya Milima ya Upare, kumchukua bibi harusi wa kijana wetu. Shughuli ya wanawake ilifana: mlango umefungwa, nywele wazi, hina imekolea. Usiku ule ule wifi mmoja akaitia picha ya bibi harusi kwenye programu ya akili mnemba, akamtoa sebuleni akamweka ufukweni. Ilipendeza, hatukatai. Asubuhi bibi harusi akauliza, "Hiyo picha yangu ya kichwa wazi imekwenda kukaa wapi?" Tukatazamana. Wifi hakujua hata programu yenyewe ni ya nani.

Tuseme ukweli, tulikosea sisi watu wazima. Mposaji akija tunamchunguza hadi kwa imamu wa msikiti wao na jirani wa mtaa wa pili. Programu tunaifungulia picha zote za simu kwa kubonyeza mara moja!

Januari 2023 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa mwongozo wa kudhibiti hatari za akili mnemba. Ukiuvua maneno ya kitaalamu, unafanana sana na maswali ya mama zetu wakati wa posa: hatari iko wapi, itamuumiza nani, ni kubwa kiasi gani, na likitokea la kutokea nani atawajibika? Na mama zetu huuliza kabla ya mahari kupokelewa.

Kwetu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na Tume yake hupokea malalamiko. Ni jambo jema. Lakini uso wako ukishabandikwa kwenye mwili usio wako na picha ikazagaa, malalamiko hayarudishi stara.

Basi bibi harusi, sema mapema. Andikianeni na mpiga picha kwamba picha za ndani haziingii kwenye programu yoyote bila idhini yako. Anayetaka kuipamba picha ya nje achague hiyo moja tu. Simu nyingi siku hizi zinaruhusu. Programu isiyosema picha inahifadhiwa wapi na kwa muda gani, iacheni, hata kama ufukwe wake ni mzuri kuliko wa Nungwi.

Mdogo wake bibi harusi anaolewa baada ya Idi, hapo hapo Kifaru. Shangazi yao keshasema atakaa mlangoni na kikapu cha simu.