Mugwe na vichaka vya ibada
Ashramu ya Kihindu, makao ya kujitenga kwa ajili ya ibada, humtaka mgeni aache shughuli zake, ale chakula kisicho na nyama na kutafakari kimya chini ya uongozi wa mwalimu. Wameru wa Kenya walikuwa na utaratibu wao: aliyetengwa alikuwa mtu mmoja, Mugwe, kwa niaba ya kundi lake zima. Kazi yake ilikuwa kuomba na kubariki. Kwa Waimenti, mojawapo ya makundi ya Wameru, mkono wake wa kushoto ulifichwa ndani ya vazi, maana ndio uliokuwa wa baraka, na ilisadikiwa kwamba auonaye atakufa. Adui akivamia, ilitosha Mugwe auinue mkono huo. Ilikuwa heshima kubwa, na mzigo mkubwa pia kwa mwanadamu kuubeba maisha yake yote. Padre Bernardo Bernardi, mmisionari wa shirika la Kikatoliki la Consolata, alieleza habari za Mugwe katika kitabu cha 1959, wakati cheo hicho kikififia chini ya ukoloni na Ukristo. Mahali palipotengwa pamedumu kuliko mtu. Nchiru, Tigania, ndipo palipo makao ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru. Embu nako wazee waliomba chini ya mti wa mugumo, wakielekeza nyuso kwenye Mlima Kenya, wenye mita 5,199. Kukata tawi katika kichaka cha ibada kulikatazwa, na katazo hilo limeokoa miti ya asili katikati ya mashamba ya chai na kahawa. Serikali za kaunti ziviandikishe vichaka vilivyobaki na kuvilinda pamoja na wazee wanaovitunza, kabla shoka halijafika.